Kishale cha Baba

Jumapili, 1 Juni

Baba kamimina chai mezani leo. Si kwenye kikombe — pembeni yake, kama vile kikombe kimehama bila kumuaga. Kisha akacheka. Ati meza nayo ilikuwa na kiu. Mume wangu akacheka naye. Mimi nilichukua kitambaa nikafuta.

Jicho la kulia lilikwisha mwaka juzi, hilo hatubishani. Ugomvi ni la kushoto. Daktari alisema ni presha ya macho, inakula polepole kuanzia pembeni, na kilicholiwa hakirudi. Lakini kilichobaki kinaweza kuokolewa. Huyo daktari hufika hospitali yetu mara moja kila miezi minne. Safari hii ni Alhamisi tarehe 12. Nimeshamwandikisha Baba. Nikamwambia pale pale, chai bado inatiririka.

Haendi! Jicho lake zima. Miaka thelathini na minane kapiga picha za watu, za pasipoti, za harusi, za vichanga, na hajawahi hata siku moja kupima mwanga kwa mashine. Anatazama tu, anataja namba. Jicho linalotaja namba litakuwaje bovu?

Nikasema basi tulipime. Kwa kipimo gani, akauliza. Kwa kile kilichomo ndani ya kamera yako. Alicheka mpaka akakohoa. Kipima mwanga cha kamera ile hakijacheza tangu niko darasa la tano.

Je, nikikitengeneza? Ilinitoka tu.

Akakipapasa kikombe chake. Akasema haya, mama, kitengeneze. Kikinishinda, nakwenda kwa huyo daktari wako hata kwa miguu. Kisiponishinda, neno hospitali lisitajwe tena humu ndani. Mume wangu ndiye shahidi. Kinanda akapiga yowe mapajani mwangu — miezi tisa na sauti ya kujaza uwanja, Babu yake hakukosea kumbatiza hivyo — tukamhesabu shahidi wa pili.

Siku kumi na moja. Na nepi ziko pale pale zinanisubiri.

Jumatatu, 2 Juni

Kinanda kalala saa nne asubuhi. Nikafunga pazia la chumba cha mbele, lile zito jeusi ambalo Baba alikuwa akizibia chumba chake cha kusafishia picha. Bila pazia lile mtoto huyu halali, hata mwanga wa tundu la ufunguo unamkera. Nikaibeba kamera jikoni.

Nzito kama tofali! Kifuniko cha betri kiko chini, cha kufunguliwa kwa sarafu. Hakikufunguka. Sarafu ikateleza, ikanichuna kidole. Tone la mafuta ya kupikia. Nikangoja, nikaosha vyombo, nikarudi. Kikaachia kwa mlio.

Ndani — uchafu mweupe na wa kijani, kama chumvi iliyoota ukungu. Na betri imo bado! Ile ile iliyokuja na kamera! Nikamfuata Baba, hukuwahi kuitoa? Akashangaa mimi ndiye ninayeshangaa. Aitoe ya nini, kwani alikuwa akiitumia? Kipima mwanga ni cha watu wasiolijua jua, akasema.

Miaka yote hiyo betri imekaa humo ikivuja, kwa sababu mwenyewe aliona aibu hata kuitazama. Kiburi kina ukungu wake, wa kijani. Nimeusafisha kwa siki na kijiti cha pamba.

Mara ya kwanza tangu nijifungue nimeshika kitu kidogo kisicholia. Zamani, nikiwa fundi wa simu pale kibandani, nilikuwa nafungua simu kumi kwa siku. Mikono haijasahau. Mgongo ndio umesahau.

Jumatano, 4 Juni

Meno. Jino moja linatoka, nyumba nzima haina usingizi.

Ila nimeingia ndani ya kamera! Kifuniko cha chini kina skrubu tatu, ndogo kama mbegu za nyanya. Nikaziweka kwenye kizibo cha dawa ya kikohozi. Waya mweusi unaotoka kwenye betri niliugusa tu ukakatika, kama uzi uliooza. Ndani kijani kitupu. Basi hata ningetia betri mpya mia, umeme usingefika popote.

Nikachukua waya kwenye spika za masikioni za mume wangu, zilikuwa zimekufa upande mmoja. (Sasa zimekufa pande zote mbili. Nitamwambia akiwa ameshiba.) Chuma changu cha kulehemu bado kinapata moto. Tone moja la risasi huku, tone moja kule. Safi. Nilikuwa nimeukumbuka hata ule moshi wake.

Nageuka kufunga kifuniko — skrubu mbili. Zilikuwa tatu! Kinanda yuko sakafuni, anatafuna kitu. Nikamtia kidole mdomoni. Hamna. Anacheka.

Alhamisi, 5 Juni

Nimekagua nepi nne kama afisa forodha. Skrubu hakuna.

Ijumaa, 6 Juni

Nepi tatu. Hakuna.

Mume wangu kauliza spika zake. Nikamwambia ziko ndani ya kamera ya mkweo. Akasema sawa, lakini Kinanda akianza usiku azibe masikio na nini, na kamera?

Baba kajigonga kwenye mlango wa choo. Begani. Akaulaumu mlango.

Jumamosi, 7 Juni

Skrubu imepatikana! Baba alikuwa anapita jikoni peku, akasimama: nini hiki kinanichoma? Imemkwama unyayoni. Akaishika juu, akatamba: mnaona, mimi naona hata kwa miguu! Tulicheka wote. Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na machozi yenyewe sijui yalikuwa ya upande gani.

Mchana nikamfunga Kinanda mgongoni nikaenda kwa fundi saa kutafuta betri. Kakaa nyuma ya kioo chake, lenzi jichoni. Akaipindua kamera, akasema, dada yangu, vitu hivi siku hizi huwekwa kabatini wageni wavitazame. Nikasema mimi nataka ifanye kazi. Kazi gani? Ya kumshinda baba yangu. Akatoa lenzi jichoni ili anitazame vizuri.

Akanipa betri ya upana ule ule. Akanionya, isipocheza usirudi kunilaumu.

Haikucheza. Ukichungulia ndani ya kamera kuna kishale cha kipima mwanga, hupanda mwanga ukizidi. Kishale kimelala chini kabisa. Nikaipeleka uani juani, nikaipeleka mlangoni, nikaitikisa. Hakuna kitu. Mume wangu akaniambia kwa upole, umejitahidi. Sipendi neno hilo. Hilo huambiwa mtu aliyeshindwa.

Jumapili, 8 Juni

KIMECHEZA!

Waya ulikuwa mzima, betri nzima. Tatizo ni swichi ya ndani, bati mbili nyembamba zinazogusana. Zilikuwa na utando mweusi. Nikachana kipande cha karatasi ngumu ya boksi la viatu, nikakilowesha siki, nikakipitisha katikati ya hizo bati, nikavuta. Kikatoka cheusi. Kingine. Kingine. Cha sita kikatoka cheupe. Nikafunga, nikachungulia kwenye kitundu cha kamera, nikaielekeza dirishani.

Kishale kikanyanyuka. Kidogo kidogo, kikitetemeka, kama mtu anayeamka na miguu imekufa ganzi. Nilipiga kelele! Kinanda akaamka, akajibu kwa kelele zake. Baba akauliza kutoka barazani, kumeungua nini huko?

Nikamwambia hakuna kilichoungua. Nikamwambia ajiandae.

Nilisikia kiti chake kikisogea.

Jumatatu, 9 Juni

Leo jaribio, nje ya shindano. Saa sita, uani, jua kali, hakuna wingu.

Baba anavyotaja mwanga: tundu, halafu kasi. Tundu ni upana wa lenzi, kasi ni kipande cha sekunde ambacho mwanga unaachiwa kuingia. Namba ikiwa kubwa, tundu dogo — kwa maana mwanga ni mwingi, unaubania. Nimelelewa na namba hizo. Wenzangu walikuwa wanahesabu kokoto, mimi nilikuwa nahesabu tundu. Akisha kutaja, mimi naziweka kwenye kamera, kisha nachungulia. Kishale kikikaa katikati ya kijiduara, kapatia. Kikipita juu au chini, kakosea.

Akainua uso juu. Hakufikiri hata. Kumi na sita, kwa mia ishirini na tano. Nikaziweka. Nikachungulia.

Kishale kimepita juu ya kijiduara. Hatua nzima, yaani namba nzima ya tundu.

Nikamwambia: umekosea. Akasema mimi sikukosea, kishale chako kimelewa. Jua la saa sita halijabadilika tangu niko kijana. Akaingia ndani kwa hasira, mkono ukipapasa ukuta.

Mume wangu alikuwepo. Akaninong'oneza, si ndiyo umeshinda? Nyamaza hivyo hivyo, Alhamisi mpakie kwenye gari. Nilitamani. Mungu anajua nilitamani! Lakini sikuamini macho yangu, niliamini ya Baba. Kuhusu jua la saa sita hajawahi kukosea. Na nikimshinda kwa uongo, atapata haki ya kusema hata daktari ni uongo.

Nikarudi kwa fundi saa, Kinanda mgongoni analia njia nzima. Fundi akawaza. Akasema betri za zamani zilikuwa dhaifu kidogo kuliko hizi. Hii niliyokuuzia ina nguvu kuzidi, kwa hiyo inakisukuma kishale juu kuliko haki yake. Sasa mimi nifanye nini? Akasema kama ungekuwa na betri ya kile kifaa cha wasiosikia vizuri, nguvu yake inakaribia ile ya zamani. Yeye hana.

Mimi ninamjua mwenye nayo.

Jumanne, 10 Juni

Mwalimu, jirani yetu aliyestaafu, anavaa kifaa sikioni. Nilimkuta anamwagilia maua. Nikamweleza. Hakusikia. Nikapiga kelele. Akasema, unataka betri ya sikio langu ukaitie kwenye jicho la baba yako? Nikasema ndiyo, Mwalimu, takribani hivyo. Akaingia ndani, akatoka na mbili. Akasema mwambie huyo mzee, mimi nilikataa kifaa hiki miaka sita, na miaka hiyo sita sijui wajukuu wangu walisema nini. Akarudi kwenye maua yake.

Betri ni nyembamba, inachezacheza kwenye nafasi yake. Nikaizungushia kipete cha waya. Imetulia. Unabandua karatasi kwanza, inavuta hewa, ndipo inaamka. Sikujua betri nazo zinapumua.

Saa sita, uani. Namba za Baba za jana: kumi na sita, mia ishirini na tano. Nikachungulia.

Katikati. Katikati kabisa, kama kimechorwa.

Baba alikuwa sahihi, na mimi nimetengeneza kitu kinachomtetea. Nikaenda kumwambia. Sikutaka, lakini nikaenda. Alikuwa kambeba Kinanda kifuani. Akamwambia mtoto: umesikia, mchumba, mama yako ni fundi wa kweli. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti nyingine: ungeweza kuninyamazia. Nikasema najua. Akasema, kesho basi. Saa nne. Mara tatu — uani, barazani, chumba cha mbele. Nikikosa hata moja, umeshinda.

Anajiamini. Nimepakia begi la hospitali hata hivyo. Khanga mbili, nguo za Baba, nepi, chupa ya maji. Liko nyuma ya mlango.

Jumatano, 11 Juni

Baba anasema kila namba iandikwe papo hapo, asije mtu akakana. Mume wangu yuko kazini, shahidi pekee ni karatasi. Daftari lililokuwa karibu ni hili. Hajui ni daftari gani. Kwake ni daftari tu, na kalamu inasikika ikikwaruza.

Saa nne na dakika tano. Uani. Jua, wingu jembamba. Baba: kumi na moja, mia ishirini na tano. Kishale: katikati. Kapata.

Ameanza kupiga mluzi.

Kinanda alikuwa anasinzia begani. Nimemwingiza kumlaza, nimerudi.

Saa nne na robo. Barazani, chini ya paa, tunautazama ukuta. Baba alinyoosha kiganja mbele ya uso wake, akakigeuza, kama nilivyomwona akifanya tangu utotoni. Tano nukta sita, kwa sitini. Nikachungulia mara mbili. Kishale: nusu ya unywele chini ya katikati. Nimemwambia ukweli, nusu ya unywele. Akasema unywele si hatua. Kweli, si hatua. Kapata.

Anasema, lile begi nyuma ya mlango ukalifungue, nguo zangu zitakunjamana. Kumbe alilipapasa! Ananitania lakini anatabasamu kama mtu aliyetua mzigo. Nimekaza meno. Mbili kwa moja bado hatujamaliza, nikamwambia. Mbili kwa sifuri, akanisahihisha.

Saa nne na nusu. Chumba cha mbele. Hiki ndicho kilichokuwa studio yake. Tumeingia kimyakimya kwa sababu ya mtoto. Baba kaenda moja kwa moja kwenye kiti chake bila kugusa kitu, chumba hiki anakijua kama mfuko wake. Kauelekeza uso upande wa dirisha. Kakigeuza kiganja mara tatu mbele ya uso.

Baba: nne, kwa thelathini. Akaongeza: dirisha moja, saa nne, jua zuri leo.

Nimeweka. Nne. Thelathini. Nimechungulia.

Kishale kimelala chini kabisa.

Nilidhani waya umekatika. Nimetoka mpaka korido — kimenyanyuka. Nimerudi ndani — kimelala. Mara ya pili, hivyo hivyo. Kamera haina kosa. Nikainua macho kutoka kwenye kitundu nikatazama chumba.

Pazia limefungwa. Nililifunga mwenyewe nilipomlaza Kinanda, kwa mazoea, bila kufikiri, na tulipoingia macho yangu yalikuwa kwenye kamera na karatasi tu. Lile jeusi. Chumba ni kiza, mwanga pekee ni huu wa mlango ulioachwa nusu, ndio ninaoandikia, nimesimama nao begani. Na Baba kakaa hatua mbili kutoka kwenye pazia, kalielekea, kaniambia jua zuri leo.

Ananiuliza, kinasemaje?

Nimemwambia subiri, naandika.

Sikumtega. Wallahi sikumtega. Nilitaka nimshinde kwa unywele, kwa hatua moja, tucheke, anune, twende. Si hivi. Begi liko nyuma ya mlango na mimi ndiye niliyelipakia, kwa hiyo nitasema. Nitasema sasa hivi. Sitapunguza wala sitaongeza.

Nimesema: Baba, kimelala chini kabisa.

Amesema, labda umekiharibu.

Nimesema hapana. Nimekijaribu kwenye korido mara mbili, kinanyanyuka.

Kinanda anapumua kwa ule mkoromo wake mdogo. Baba kainamisha kichwa upande wake, anamsikiliza.

Amesema: mtoto kalala.

Kalala, Baba.

Ananyoosha mkono mbele. Unakwenda polepole hewani. Umefika kwenye kitambaa. Anakishika, anakisugua kwa kidole gumba, anakitambua. Alikishona mwenyewe kitambaa hicho.

Amesema: niliona kiza. Nikadhani ni hiki changu cha siku zote, nikakihesabia, nikataja jua ninalolikumbuka.

Hajaachia pazia. Hajasema kesho tunakwenda, hajasema hatuendi.

Anauliza, umeandika?

Naandika, Baba.

Anasema, basi andika na hili: kati ya tatu, nimekosa moja.

Namsubiri. Kalamu iko juu ya karatasi